Spika ya kati na tawa mbili za mbele: ipi inabeba nini, na hela ianzie wapi

FundiMawimbi · #1

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili haliishi humu: mtu ana hela ya kununua kitu kimoja, achukue tawa mbili ndefu (spika za kusimama sakafuni, kushoto na kulia) au spika ya kati, ile inayokaa chini ya TV? Nafungua uzi huu tulijadili kwa vipimo, maana dukani mara nyingi kinachoangaliwa ni urefu wa boksi na namba kubwa iliyobandikwa mbele yake.

Msimamo wangu nauweka mezani kabisa. Kwa muziki, spika nzuri ya kushoto na ya kulia ndiyo kila kitu. Ya kati haina kazi. Kwa filamu na mpira, sebule ikiwa na watu zaidi ya wawili, spika ya kati ndiyo inayoamua kama maneno yatasikika. Na mwenye sabufa (spika ya besi peke yake) ya maana hahitaji tawa kwa ajili ya besi. Kwa hiyo tatizo kubwa ninaloliona ni hela yote kumezwa na tawa, halafu katikati ikawekwa spika ndogo ya kuombea heri. Afadhali spika tatu za mbele zinazolingana, hata ziwe fupi, na sabufa moja chini yake.

Sababu iko kwenye namna filamu inavyochanganywa sauti. Kwenye 5.1, yaani chaneli tano na moja ya sabufa, karibu mazungumzo yote huwekwa kwenye chaneli ya kati. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko televisheni zetu: tarehe 27 Aprili 1933, Bell Labs walirusha kwa waya muziki wa Philadelphia Orchestra kutoka Philadelphia hadi Constitution Hall, Washington, wakitumia chaneli tatu, yaani kushoto, kati na kulia. Ya kati ilihitajika ili hata aliyekaa pembeni ya ukumbi amsikie mpigaji wa katikati akiwa katikati. Majumbani jambo hilo liliingia sawasawa mwaka 1987, Dolby Pro Logic ilipoanza kutoa chaneli ya kati inayojitegemea.

Tawa nayo ina sifa zake na sizifuti. Boksi kubwa lina hewa nyingi, wufa (spika za sauti nzito) mbili au tatu zinasukuma pamoja, kwa hiyo nyingi hushuka hadi 35–45 Hz, yaani besi ya chini sana, bila msaada, na mara nyingi hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Ukiongeza dB 3 za unyeti (sauti inayotoka kwa kila wati), umeokoa nusu ya wati za amplifaya. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayesikiliza muziki bila sabufa.

Karibuni, hasa mnaopinga.

---

Besi_Nzito · #2

Mkuu, nakupinga sehemu moja.

Ukiwa na tawa mbili nzuri, ukaingia kwenye menyu ya resiva (amplifaya inayogawa chaneli kwa kila spika) ukaweka spika ya kati kuwa "None", hakuna neno linalopotea. Resiva inachukua chaneli ya kati na kuigawa kushoto na kulia, kila upande ikipungua dB 3. Aliyekaa katikati anamsikia mtangazaji akitokea kwenye kioo cha TV kabisa.

Sasa linganisha na hizo spika za kati zinazouzwa: boksi limelala, wufa mbili ndogo pembeni, twita (spika ndogo ya sauti za juu) katikati, limesokomezwa ndani ya kabati la TV. Sauti ya mwanaume inavuma kama yuko ndani ya pipa. Gari likipita kwenye filamu kutoka kushoto kwenda kulia, likifika katikati linabadilika likawa gari lingine, kwa sababu twita ya kati si ya ukoo mmoja na za tawa. Kwa hali hiyo, bora isiwepo.

---

FundiMawimbi · #3

Besi_Nzito, hapo kwenye spika mbaya ya kati tuko pamoja. Ikiwa chaguo ni tawa nzuri bila kati, au tawa nzuri na kati mbovu, chukua la kwanza. Ila tusiishie hapo, maana hiyo kati inayoundwa hewani na spika mbili ina udhaifu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa nafasi. Chukua tawa zilizoachana mita 2.2, kochi liko mita 2.5 mbele. Aliyekaa katikati yuko sawa. Aliyesogea sm 60 kuelekea kulia, tawa ya kulia iko mita 2.55 kutoka kwake na ya kushoto mita 3.02. Tofauti ni sm 47, yaani milisekunde 1.4 hivi. Sikio likipata sauti ileile kutoka sehemu mbili kwa tofauti ya zaidi ya milisekunde moja, linaipa umiliki spika iliyofika kwanza. Mtangazaji anahama kutoka kwenye TV anakwenda kukaa kwenye tawa ya kulia. Na hapo tunazungumzia sm 60 tu, mtu wa pili kwenye kochi.

Wa pili unampata hata aliyekaa katikati. Kila sikio linapokea sauti mara mbili: kutoka spika iliyo upande wake, kisha kutoka ya upande wa pili ikiwa imezunguka kichwa na kuchelewa kama robo ya milisekunde. Kwa ucheleweshaji huo mawimbi yanakatana karibu na 2 kHz, mahali ambapo konsonanti zinaishi. Muziki wa stereo umechanganywa na watu waliokuwa wakisikiliza kwa spika mbili, kwa hiyo kasoro hiyo imeshafidiwa. Mazungumzo ya filamu yalichanganywa yakitoka spika halisi ya kati.

Kuhusu boksi lililolala, fanya hesabu. Wufa mbili zenye umbali wa sm 35 kati hadi kati, twita katikati yake. Aliyekaa mbele anapokea zote mbili kwa wakati mmoja. Aliyeko pembeni kwa nyuzi 15, ambaye kwa umbali wa mita 3 ni sm 80 kutoka mstari wa katikati, anapata tofauti ya sm 9 kati ya wufa hizo, na zinafutana karibu na 1.9 kHz. Wa nyuzi 30, kwenye kiti cha pembeni, shimo linashuka hadi 980 Hz. Yaani spika iliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa pembeni inawanyima maneno watu wa pembeni. Huo ndio ugonjwa wa spika nyingi za kati za bei ya chini, na hautibiwi na maikrofoni ya resiva, kwa sababu kila kiti kina shimo lake.

---

DadaSauti · #4

Asante FundiMawimbi kwa hesabu hiyo. Niongeze cha kuangalia unapochagua, maana si zote zilizolala zina ugonjwa huo kwa kiwango kimoja.

Ondoa kitambaa cha mbele kwanza. Ukiona wufa–twita–wufa kwenye mstari mmoja na hakuna kingine, hiyo ni ya njia mbili na ndiyo aliyoieleza mkuu hapo juu. Ukikuta katikati kuna spika ndogo ya sauti za kati imekaa chini au juu ya twita, na wufa mbili pembeni, hiyo ni ya njia tatu. Ndani yake krosova (kigawa masafa kati ya spika na spika) inazikata wufa mapema, kwenye mamia machache ya Hz, na maneno yote yanatoka kwenye nguzo moja nyembamba ya katikati. Hii ndiyo ya kutafuta kama una kochi refu.

Aina ya tatu ni ile ambayo twita imekaa ndani ya kitovu cha spika ya sauti za kati. KEF wanaitengeneza kwa jina la Uni-Q tangu 1988, ELAC wana Uni-Fi. Ukiilaza, ukiisimamisha, haibadiliki, kwa sababu chanzo ni kimoja.

Aina ya nne watu huisahau, nayo ni rahisi kuliko zote: spika moja ya rafu ileile uliyoweka kushoto na kulia, isimamishwe wima katikati. Kama TV iko ukutani na chini yake kuna nafasi ya sm 35 kwenda juu, hakuna spika ya kati itakayofanana na wenzake kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa mbili mbili. Ukinunua jozi mbili, spika moja inabaki, itumike nyuma au iwe akiba. Msiilaze tu. Spika ya rafu ikilazwa, twita inakwenda upande mmoja na wufa upande mwingine, na sauti inapinda kwa wasikilizaji wa kushoto tofauti na wa kulia.

Kuhusu kulingana na tawa: kinacholingana ni twita na malighafi ya koni, si rangi ya boksi wala jina la kampuni. Kampuni moja inaweza kuwa na familia tano zenye twita tofauti. Chukua familia moja, na kama hiyo ya kati haipatikani, tafuta angalau aina moja ya twita: ya kitambaa na ya kitambaa, ya honi na ya honi.

---

MsikilizajiNBO · #5

Uzi mzuri sana huu. Swali: sebule mita 4 kwa 5, dari mita 2.8, sakafu ya vigae, kuta za mawe zimepakwa rangi tu, dirisha kubwa upande mmoja. TV ukutani, chini yake kabati lenye uwazi. Tawa zilizopo zilikuja na homu thieta, ni ndefu mita 1 na za plastiki, nyuma zimeandikwa omu 3. Maneno hayashikiki. Tatizo ni kukosa spika ya kati nzuri au ni chumba?

---

Kipimo_Safi · #6

Mkuu, ni vyote viwili, ila nianze na chumba kwa sababu hakuna spika inayokiponya.

Kanuni ya Sabine: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Chumba chako kina mita za ujazo 56 na nyuso za mita za mraba kama 90. Saruji, vigae, kioo na rangi hufyonza kidogo sana. Tukisema asilimia 5, ufyonzaji ni 4.5, na mwangwi unakaa sekunde 2. Hicho ni chumba kitupu. Silabi moja haijafa, ya tano imeshafika.

Sasa weka vitu. Pazia zito lenye mikunjo, mita za mraba 6, linaongeza kama 3. Zulia nene la mita 2 kwa 3 linaongeza karibu 1.8. Makochi ya kitambaa ya watu sita, 4 hadi 5. Watu wanne waliokaa, karibu 1.8. Jumla inafika 15 hivi, na mwangwi unashuka hadi sekunde 0.6. Ukipata rafu ya vitabu au zulia la ukutani nyuma ya kochi, unaingia kwenye 0.5, na hapo maneno yanaanza kusimama yenyewe. Makochi ya ngozi hayafyonzi kama ya kitambaa, hilo lizingatiwe wakati wa kununua.

Zulia lisikae popote tu. Liwe kati ya spika ya kati na kochi. Spika ya kati iko chini, kwa hiyo sauti yake inagonga vigae na kuruka hadi sikioni ikichelewa kidogo tu nyuma ya ile ya moja kwa moja. Zulia likifunika mahali pa kugonga, tofauti inasikika palepale.

Sasa tawa zako. Urefu haujathibitisha kitu. Tawa ya plastiki ya homu thieta mara nyingi ina vispika viwili vya inchi 3 juu na bomba tupu chini. Kazi ya boksi ni kuviinua tu. Tawa halisi ya mbao za MDF yenye wufa mbili za inchi 6 huwa na uzito wa kilo 15 hadi 25. Inyanyue, utajua.

Na hiyo omu 3 ni muhimu sana. Usije ukanunua resiva ya kawaida, iliyoandikwa omu 6 hadi 16, ukaziunganisha hizo. Mkondo utazidi, resiva itajizima kujikinga, na ukiilazimisha kila siku itaungua hatua ya mwisho ya amplifaya. Kinyume chake si hatari: spika ya omu 8 kwenye homu thieta ya omu 3 haitaharibu kitu, ila itapata kama asilimia 38 tu ya wati.

---

FundiMawimbi · #7

Nimalizie la kabati lenye uwazi, maana hapo ndipo spika nyingi za kati zinapofia.

Spika ikiingizwa ndani ya kabati na kurudishwa nyuma, ule uwazi unaoizunguka unageuka boksi la pili, linavuma kati ya 100 na 200 Hz, na mdomo wa kabati unaakisi sauti za juu. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa kabati au uupite kwa sm 1. Jaza mapengo ya pembeni kwa sponji au blanketi lililokunjwa, lakini usizibe njia ya hewa ya resiva iliyo karibu. Kama tundu la hewa la spika liko nyuma na limebanwa na ukuta, lizibe kwa sponji. Utapoteza besi kidogo ambayo sabufa inaibeba hata hivyo. Chini ya boksi weka vipande vya mpira ili kabati lisitetemeke nalo.

Kisha pembe. Masikio ya mtu aliyekaa huwa kama mita 1 kutoka sakafuni. Spika ikiwa kwenye sm 50 na kochi mita 3, inabidi iinuke nyuzi 9.5. Kwa boksi lenye kina cha sm 30, nyanyua ukingo wa mbele sm 5. Vizuizi viwili vya mlango vya mpira vinatosha. Marekebisho ya bure kabisa haya, na ndiyo ninayoyaamini kuliko kubadilisha waya.

---

Besi_Nzito · #8

Nakubali hoja ya viti vya pembeni, FundiMawimbi. Kwa wasikilizaji wawili wa katikati bado nasimama na tawa bila kati. Kwa familia nzima, spika ya kati ya njia tatu.

Wenye tawa sasa, mambo ya kuziweka. Kutoka uso wa wufa hadi ukuta wa nyuma, gawanya 343 kwa mara nne ya umbali huo, upate mahali besi itakapokatwa na mwakisiko. Sm 50 inakata karibu na 171 Hz. Mita 1 inakata 86 Hz. Hakuna umbali usio na athari, ila ukitumia sabufa yenye krosova ya 80 Hz, jitahidi shimo lisiangukie pale sabufa na tawa wanapokabidhiana. Tawa zenye tundu nyuma zikibanwa ukutani kabisa hutoa besi nzito isiyo na umbo. Kochi nalo livute sm 30 hadi 50 kutoka ukutani. Ukutani besi hurundikana, hasa ile ya 34 Hz ambayo chumba cha mita 5 kinaipenda.

Jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi: kudeki. MDF ikinyonya maji ya kudekia sakafu, chini ya boksi huvimba na kuachana, na hakuna gundi inayolirudisha. Tawa isiguse vigae; iwe na miguu ya sm 2 hadi 3. Miguu ya misumari iwekewe visahani vya chuma au itumike ya mpira, isije ikapasua kigae. Na kama kuna watoto, chagua miguu inayotanuka nje ya boksi, maana tawa ya kilo 20 ikianguka inaua twita na inaweza kumuumiza mtoto.

Wanaonunua za mtumba Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), kagueni ukingo unaoizunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza, na joto la pwani huuharakisha. Ukigusa kwa kidole unabaki na unga. Sukumeni koni taratibu kwa vidole viwili pande zote mbili, kwa usawa: ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Resiva iliyotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, umeimaliza sekunde hiyohiyo. Inahitaji transfoma ya kushusha, na VA zake (uwezo wa kubeba mzigo) zizidi namba ya matumizi iliyoandikwa nyuma ya resiva.

Na wati za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi zisikupe tumaini wala hofu. Hazina kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji anaandika atakacho. Tafuta RMS (wati za kudumu) na idadi ya chaneli zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kupima. Wati 100 zilizopimwa kwa chaneli mbili hazibaki 100 zikiwa tano.

---

DadaSauti · #9

Wati kweli si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Spika ya dB 88 kwa wati 1 na mita 1, ukikaa mita 3 unapoteza kama dB 9.5, unabaki na 78.5. Kufika dB 95, ambayo kwa sebule ya mita 4 kwa 5 ni kelele kubwa, unahitaji kuongeza dB 16.5, yaani wati 45. Na hapo sijahesabu msaada wa kuta. Tatizo la kweli ni spika ndogo kulazimishwa kubeba besi.

Hapo ndipo mpangilio wa resiva unapohusika. Tawa ziwe "Small" hata kama ni ndefu kukuzidi, endapo kuna sabufa, maana "Small" huamuru resiva ipeleke besi yake kwenye sabufa. Krosova ianzie 80 Hz. Spika ya kati angalia inashuka hadi wapi: kama maelezo yanasema 60 Hz, ikate kwenye 80 au 100. Kama ina vispika vya inchi 3 na inaishia 120, utalazimika kuikata 150, na hapo unaingia kwenye sauti ya mwanaume, ambayo msingi wake uko kati ya 85 na 180 Hz. Sabufa iliyo kwenye kona itaanza kuongea. Mwanamke anasikika kwenye TV, mwanaume anasikika nusu kwenye TV nusu kwenye kona. Ndiyo maana spika ndogo sana ya kati haisaidiwi na sabufa kubwa.

Bila sabufa, tawa ziwe "Large" na ya kati ibaki "Small". Resiva itahamishia besi ya kati kwenye tawa, na mzigo utakuwa mahali pake.

---

MsikilizajiNBO · #10

Shukrani kwenu wote. Moja zaidi: kuna nyumba ambazo spika ya kati imeunganishwa vizuri lakini kwenye filamu za flashi iko kimya. Tatizo huwa nini?

---

Kipimo_Safi · #11

Mkuu, mafaili mengi ya filamu kwenye flashi yana sauti ya chaneli mbili tu. Mazungumzo yamekwishachanganywa kushoto na kulia kabla hayajakufikia. Resiva ikiwa kwenye "Stereo" au "Direct", inatii: spika mbili zinalia, ya kati inanyamaza. Ibadilishe iende kwenye Dolby Surround au Pro Logic II, itachukua kile kilicho sawa pande zote mbili na kukipeleka katikati. Kwa muziki irudishe "Stereo".

Filamu zilizotafsiriwa Kiswahili, zenye sauti ya msimulizi juu, zina hali yake. Msimulizi yuko katikati na mazungumzo ya asili yako katikati, kwa hiyo vyote vinarundikana kwenye spika moja. Kuipandisha spika ya kati hakutawatenganisha. Kutamfanya msimulizi asikike juu ya muziki na milipuko, basi.

Sababu ya pili ni TV. Ukiunganisha kwa HDMI ARC, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uangalie: ikiwa kwenye PCM, inatuma chaneli mbili hata kama filamu ina 5.1. Weka "Auto", "Bitstream" au "Passthrough", jina hutegemea TV. Waya wa mwanga unapitisha Dolby Digital 5.1 pia, hauna shida kwa hilo.

Baada ya hapo ndipo upime. Zima pangaboi, zima feni, subiri friji itulie. Maikrofoni ya resiva isishikwe mkononi wala kulazwa kwenye mto wa kochi. Iweke kwenye stendi ya kamera, urefu wa sikio, nafasi ya kwanza iwe kiti cha katikati. Ikimaliza, ingia mwenyewe ukague. Umbali wa spika za mbele uwe unakaribiana na futi kamba. Umbali wa sabufa ukizidi kidogo usiubadilishe, resiva inahesabu ucheleweshaji wa ndani ya sabufa. Kagua kama tawa zimewekwa "Large". Nyingi huwekwa hivyo zenyewe, uzirudishe "Small". Mwisho cheza kelele ya majaribio: kila spika ya mbele isome sawa, mfano dB 75. Maneno bado yakiwa chini, pandisha ya kati dB 1, kisha 2. Ukijikuta umefika 4 au 5, acha. Kuna kosa mahali pengine, na mara nyingi ni nguzo za waya, yaani chanya na hasi zimegeuzwa.

---

MsikilizajiNBO · #12

Nguzo za waya zinakaguliwaje bila vifaa? Na waya wenyewe uwe wa ukubwa gani kwa mita 10?

---

FundiMawimbi · #13

Waya wa shaba wa mm² 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una omu 0.23. Kwa spika ya omu 8 unatosha. Kwa ya omu 4 nenda mm² 2.5, inakuwa 0.14. Angalia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba: kwaruza ncha kwa wembe, ikitokea nyeupe ndani, upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, basi panda ukubwa mmoja.

Nguzo: cheza mtu mmoja anayeongea, hali ya stereo, ukae katikati ya tawa. Sauti ikikaa katikati imara, ziko sawa. Ikisambaa kama inatoka kila mahali na besi imepungua, tawa moja imegeuzwa. Spika ya kati ikigeuzwa ni vigumu zaidi kuijua kwa sikio, kwa hiyo tumia betri. Toa waya kwenye resiva, chukua betri moja ya volti 1.5, gusisha ncha ya nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, sekunde moja tu, huku mwenzako anatazama wufa kwa tochi. Ikitoka nje, ni sahihi. Ikiingia ndani, geuza waya upande wa spika. Jaribio hili lifanyike kupitia waya ulioungwa kwenye vituo vya nyuma ya boksi, kamwe si kwenye twita iliyofunguliwa, maana koili yake ni nyembamba na haivumilii mkondo huo.